Kifaru Kisicho na Gogo

Katika mkoa wa Mara, mtoto wa kiume alifinyanga ng'ombe kabla hajajua kuandika jina lake. Ndivyo walivyokua babu zetu na baba zetu, Wazanaki, Waikizu, Wajita, Wakurya na wengine wote: udongo wa kichuguu au wa ukingo wa mto, maji kidogo, kidole gumba, na ng'ombe anasimama juani kukauka. Miguu minne na mkia havikutosha. Wenzake walimkagua nundu, mzunguko wa pembe, na jinsi ngozi ya shingo ilivyoning'inia. Aliyefinyanga dume asiye na nundu alichekwa mpaka akalirudisha bonge lake majini. Mtoto aliijua mali ya ukoo kwa vidole vyake kabla ya kukabidhiwa fimbo ya kuchungia.

Kizazi chetu ndicho kilichokatiza desturi hiyo. Sisi tuliozaliwa karibu na Azimio la Arusha, tukasukumwa darasani na Azimio la Musoma, tulifinyanga vifaru.

Wengi wameanza kulisahau hilo azimio la pili, kwa hiyo nilikumbushe. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini kwetu Musoma ikaamua kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ndani ya darasa. Madarasa hayakutosha na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki na kufundishwa kufundisha huku wakifundisha, na watani wakasema UPE, jina la Kiingereza la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Tuliketi sakafuni na kuandikia mapajani. Lakini tulikuwa wengi, na wingi ule ulitupa kitu ambacho kaka zetu hawakuwa nacho: mtoto wa mvuvi wa Mwigobero, mtoto wa mkulima wa pamba kutoka Bunda na mtoto wa askari wa Makoko walicheza mchezo mmoja katika uwanja mmoja. Mchezo huo ulipogeuka kuwa vita, uligeuka kwa wote.

Uligeuka tarehe 30 Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia na kuteka eneo lote la nchi yetu lililo kaskazini ya Mto Kagera. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wakaswagwa kuvuka mpaka. Habari hiyo ya mwisho ndiyo iliyowasimamisha wazee wa Mara, maana mtu anayeelewa ng'ombe haelezwi mara mbili maana ya kuporwa ng'ombe. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza Dar es Salaam, na nchi nzima ikajua kwamba tunakwenda kupigana. Kwetu vita haikuwa habari ya mbali. Ziwa ni moja, na Bukoba iko ng'ambo yake. Mkoa huu ulikuwa ukitoa askari tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza. Aliyekuja kuongoza Divisheni ya 20 hadi ndani ya Uganda, David Musuguri, alizaliwa Butiama, kijiji kile kile cha Mwalimu. Karibu kila ua ulikuwa na mtu wake huko.

Basi tukaacha ng'ombe, tukaanza vifaru.

Vijana wa leo wakisikia hivyo hudhani tuliviona. Hatukuviona. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Gazeti la Uhuru lilitufikia likiwa limeshafungia sukari, na picha yenyewe imelowa mafuta. Kilichokuwepo ni redio ya jirani, watu wazima wamekaa uani, sisi tumejibanza ukutani kusikiliza. Mtangazaji alitaja kifaru, na kila mtoto akaondoka na kifaru chake kichwani. Tulijua kwamba ni cha chuma, kwamba kina mtutu, na kwamba hakipiti kwa magurudumu matupu bali kwa minyororo. Minyororo tulikuwa tunaifahamu kwa sababu tulishaona katapila la barabara. Yaliyobaki tuliyajenga kwa masikio.

Kila mtaa ulikuwa na fundi wake, na kila fundi alikuwa na siri zake. Walioshikilia udongo walifinyanga bodi nzima kwa mkupuo mmoja, wakachoma kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Kifaru chao kilikuwa kizito na kizuri, lakini hakikutembea. Sisi wengine tulitaka kitembee. Bodi tulichonga kwa mlingoti wa katani, ule unaochomoza katikati ya mmea ukishakomaa, kwa kuwa ukikauka huwa mwepesi na kisu cha jikoni kinauweza. Waliokuwa na bahati walipasua kopo la Kimbo, wakalinyoosha kwa jiwe, wakalikunja kwa makali ya ngazi. Kichwa cha kifaru kilikuwa kopo la rangi ya viatu, la mviringo na bapa, lililopigiliwa msumari mmoja katikati ili lizunguke kulia na kushoto. Mtutu ulikuwa mrija wa kalamu ya Bic. Magurudumu yalikatwa kwenye kandambili iliyokatika, minyororo ikatoka kwenye tyubu ya baiskeli, na antena ikawa kipande cha spoku.

Rangi ilikuwa taaluma yake. Majani ya kunde yakisagwa hutoa kijani kinachoshika kwenye ubao kwa siku kadhaa kabla ya kugeuka kahawia. Masizi ya chungu hutoa nyeusi. Betri ya redio iliyokufa ukiipasua, ule unga wa ndani huwa mweusi zaidi ya masizi, na mikono haitakati kwa wiki. Mama zetu walijua tumeshinda wapi kwa kutazama kucha.

Kisha kulikuwa na kifaru cha kibiringo. Nakieleza kwa wanaosoma hapa na watoto wao, maana bado kinafaa. Chukua kibiringo cha mbao kilichokwisha uzi kutoka kwa fundi cherehani. Chonga meno kwenye kingo zake mbili. Pitisha ukanda mwembamba wa mpira kwenye tundu lake. Upande mmoja ufunge kwa njiti ya kiberiti isiyoweza kuzunguka. Upande wa pili weka kipande cha mshumaa chenye tundu, kisha kijiti kirefu. Zungusha kijiti hadi mpira ujikaze, halafu weka chini. Mpira unataka kujikunjua, kijiti kinazuiwa na ardhi, basi kibiringo chenyewe ndicho kinacholazimika kwenda. Mshumaa unalainisha na kupunguza kasi. Kinatambaa polepole, kinapanda daftari, kinapanda mguu wa mtu aliyelala. Watoto waliokuwa wakiambiwa kwamba walimu wao hawana elimu walikuwa wakihifadhi nguvu ndani ya mpira na kuitoa kidogokidogo, bila kujua kwamba hiyo ni fizikia.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapema Juni majeshi yetu yakafika mpaka wa Sudani. Askari walipoanza kurejea, mafundi wa vifaru tulipata kile tulichokuwa tukikitaka: watu waliopanda, waliotembea nyuma yake, waliolala chini yake. Hatukuwauliza kuhusu kifo. Tuliuliza kina magurudumu mangapi. Jibu lilikuwa matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna nafasi pana kuliko kati ya mengine. Siku moja tu mtaa mzima ukabadilika. Vifaru vya magurudumu matatu vikaaibika, vya magurudumu manane vikapunguzwa, na pengo likawekwa mahali pake. Nimekuja kuthibitisha baadaye kwamba lile lilikuwa jibu sahihi kwa kifaru cha Kichina cha Type 59, ambacho jeshi letu lilikitumia, na vilevile kwa kaka yake wa Kirusi, T-55, ambaye upande wa pili ulikuwa naye. Mdogo wa miaka kumi alikuwa ameyafikia maarifa ya jeshi kwa kuuliza swali moja dogo kwa mtu aliyekuwepo.

Nawaomba wasomaji walishike hilo, nitalirudia.

Baada ya vita ikaja njaa ya vitu. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Gharama za vita, zinazotajwa kuwa takriban dola milioni 500, zilikuwa zimetoka kwenye nchi ambayo tayari ilikuwa ikilipia mafuta kwa bei ya kuumiza. Miezi 18 ikapita, mikanda ikabaki. Sabuni ikaadimika, watu wakafulia majani ya mpapai. Kandambili zikaadimika, tukavaa katambuga za matairi. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983, kwa hiyo kopo la Kimbo lilitufikia usiku, kwa magendo, kupitia Tarime au kwa mtumbwi. Kopo la namna hiyo halikupewa mtoto alipasue. Likawa kikombe, likawa kibaba cha kupimia chumvi, likawa kibatari. Betri ya redio ilianikwa juani ifufuke, ikakandamizwa, ikatumika mpaka tone la mwisho; nani angempa mtoto aipasue kwa ajili ya rangi?

Miaka mingi nimelifikiria jambo hili, na sasa nalisema waziwazi. Vita ilitupa mchezo kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ikatunyang'anya vifaa vya kuuchezea. Kifaru halisi kilikula kopo la kifaru cha mtoto. Wadogo zetu waliotufuata, wale wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakufinyanga vifaru. Si kwamba walipenda amani kuliko sisi. Hakikuwepo cha kukata wala cha kupaka.

Lakini tulipokua na kupata nafasi ya kusimulia, hatukusimulia hivyo. Kizazi chetu kiliingia kazini, kikawa walimu, makatibu kata, wanajeshi, wafanyabiashara wa samaki, wachungaji, na kila tulipotakiwa kuwaeleza vijana kuhusu vita vya Kagera tulieleza kwa mstari mmoja ulionyooka: adui aliingia, tukampiga, tukamfukuza, tukafika Kampala. Mutukula, Masaka, Entebbe, Kampala. Majina yanafuatana vizuri, hata kwa gwaride yanafaa. Hakuna lililo la uongo ndani yake. Ni kifaru kilichotoka tu kiwandani, rangi inang'aa, hakijakanyaga hata dimbwi.

Nilichelewa kuliona hili mpaka nilipomtazama mpwa wangu akifanya kazi.

Yeye ni fundi simu Bunda, karibu na stendi. Ana taa yenye lenzi, ana vibano vya kila namna, na mkono wake hautetemeki. Mwenzake anayekwenda kununua bidhaa Guangzhou alimletea boksi: kifaru cha Type 59 cha kuunganisha, kilichotengenezwa na kampuni ya Trumpeter ya China, kwa kipimo cha 1 kwa 35. Maana yake kila sentimita 35 za kifaru halisi zimekuwa sentimita moja. Bodi halisi yenye urefu wa mita sita imekuwa kama sentimita 17, na ukihesabu na mtutu inafika karibu 26. Bamba la chuma la mbele, ambalo lina unene wa karibu milimita 100, linakuwa kama milimita 3. Askari wa urefu wa kawaida angekuwa na sentimita tano. Mpwa wangu alinieleza pia kwamba kipimo hicho cha 35 hakikutoka kwa mwanahesabu yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilikuwa inatengeneza kifaru cha kuchezea chenye mota, ikakikadiria kwa ukubwa ambao betri zingeingia ndani yake. Ulimwengu mzima ukafuata. Nilicheka sana. Kumbe hata Wajapani walianzia kwenye betri.

Wazee wenzangu waliopita kibandani kwake walitikisa vichwa. Kijana mzima, ana mke, anacheza. Mimi ninaujua ufundi nikiuona, nikavuta kiti. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu za plastiki. Anakata kimoja kwa koleo ndogo, anasugua kovu kwa msasa, anajaribisha bila gundi, anasugua tena, ndipo anagundisha. Panapobaki ufa anaweka puti na kusugua, sawa na fundi bodi wa magari. Minyororo aliiunganisha kipande kwa kipande, jioni nyingi, na alilegeza sehemu ya juu kidogo kwa sababu kifaru cha aina hii hakina vigurudumu vidogo vya kuubeba mnyororo kwa juu. Uzito wenyewe huulaza juu ya magurudumu. Pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili lilikuwepo. Nililihesabu kimyakimya.

Kisha akapaka kijani, na kifaru kikawa kizuri cha kuwekwa kabatini. Hapo ndipo alipoanza kukiharibu. Alichukua rangi nyeusi iliyolegezwa kwa tina, akaipitisha kila mahali hadi ikajikusanya kwenye mikunjo. Akachovya brashi, akaifuta mpaka ikawa karibu kavu, akaigusisha kwenye kingo ili zionekane zimechubuka. Upande wa kushoto nyuma, penye bomba la moshi, akapaka kutu. Rangi ya juu akaififisha mahali ambapo askari hukanyaga wakipanda. Mwisho akachanganya unga wa plasta na vumbi la udongo mwekundu, akapiga matope kwenye magurudumu, kwenye minyororo, chini ya tumbo.

Nikamuuliza kwa nini anachafua kazi aliyoihangaikia.

"Mjomba," akasema, "kikiwa safi ni plastiki tu. Ukiona matope ndipo unapojua kina tani 36."

Kisha akanionyesha kipande kilichokuwa kimebaki, akaniuliza swali ambalo sikuwahi kulisikia utotoni. Kilikuwa kigogo. Maelezo ya boksi yalitaka kifungwe nyuma ya kifaru kwa mikanda. Ndani ya mashine ya chuma tupu, mtu ameweka kipande cha mti. "Hiki ni cha nini?" Na tena: "Stika zote ni za China. Vya kwetu vilikuwa na alama gani?"

Tulikwenda kuuliza Butiama. Yuko mzee mmoja huko, mstaafu wa jeshi, jirani wa wazazi wangu tangu zamani. Kijana akamwamkia, akapokelewa kwa marahaba, akakitoa kifaru ndani ya boksi la viatu. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapita juu ya mtutu bila kujali. Kidole kikasimama kwenye gogo.

"Umelifunga panapotakiwa, mjukuu wangu. Ila gogo halikai safi namna hii. Gogo ndilo linalochafuka kuliko vyote."

Akatueleza. Kifaru kikizama kwenye tope, minyororo inazunguka bila kushika. Mnashuka. Mnalifungua gogo, mnalilaza mbele ya minyororo na kulifunga kwenye minyororo yote miwili. Dereva anasogea taratibu, minyororo inalivuta gogo chini ya tumbo, kifaru kinapata cha kukanyagia, kinajiinua. Halafu mnalifungua kwa mikono, ndani ya tope, gizani, kwa sababu bila gogo hamwezi kwenda mbele, na lile tope halitakuwa la mwisho. Kuhusu alama, akasema hakumbuki. Wakati huo hakuna aliyetazama alama. Alichokumbuka ni uzito wa gogo likishalowa, na majina ya watu waliolishika naye. Aliyataja. Mmoja hakurudi. Nimemfahamu mzee huyo maisha yangu yote, na jina hilo sikuwahi kulisikia mdomoni mwake.

Sasa nirudi kwenye vile vifaru vyetu vya katani na kopo. Vilikuwa na mtutu, antena, minyororo, hata pengo lile la magurudumu. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na gogo. Vifaru vyetu havikuwahi kukwama. Na masimulizi yetu ya utu uzima yalijengwa na watoto wale wale.

Chukua Lukaya. Machi 10, 1979, brigedi yetu ya 201 ilikuwa kwenye eneo hilo la barabara inayokatiza kinamasi kati ya Masaka na Kampala. Jioni safu ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin ilipofyatua roketi, nyingi zilipita juu ya vichwa, lakini kishindo chake kiliwatawanya askari wetu wengi gizani. Walikuwa watu, na wengi wao miezi michache nyuma walikuwa mgambo, wakulima na wanafunzi. Usiku ule kamanda alilazimika kupanga upya, brigedi ya 208 ikazunguka na kutokea upande wa adui wa barabara, na alfajiri ya tarehe 11 mambo yakageuka. Ninaposimulia Lukaya ya ushindi pekee, kijana anaondoka akijua kwamba tulishinda. Ninaposimulia na ule usiku, anaondoka akijua namna watu waliokimbia walivyorudi. La pili ni kubwa zaidi, na lina faida kwake hata kama hatashika bunduki maishani.

Au chukua miezi 18. Tunaitaja kwa utani, kila mzee ana kichekesho chake cha foleni ya sabuni. Hatuunganishi foleni na vita. Tunavieleza vita kama sifa ya jeshi na ufukara kama lawama ya siasa, ilhali vyote vililipiwa kutoka mfuko mmoja. Nchi ilikubali kuwa maskini zaidi ili jirani yake atoke chini ya dikteta na mpaka wake uwe salama. Mtu anaweza kusema ilistahili au haikustahili. Lakini hawezi kujadili bei asiyoambiwa.

Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa, na Kaboya, huko Muleba, wamelala waliokufa katika vita hivyo. Heshima ile ni ya haki. Naona tu kwamba tumewapa mashujaa wetu mnara na hatukuwapa tope. Aliyekufa anasomwa jina. Aliyerudi akiwa na mguu mmoja, au na usingizi usiotulia, tulimwita afande, tukamwachia kiti baani, tukaondoka kabla hajaanza kuongea.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaolalamika kwamba vijana hawana habari na historia. Mpwa wangu alijenga kifaru kwa plastiki iliyotoka ng'ambo, hakina hata kopo moja la nyumbani ndani yake, na wengine wangesema huo si utamaduni wetu. Lakini amefanya tulichofanya sisi tulipokimbilia askari kuuliza magurudumu. Ametaka kipande kikae mahali pake, na kipande hicho kimemvuta hadi kwa mtu aliyekuwepo. Tofauti ni kwamba sisi tuliuliza tukapata magurudumu, tukaondoka. Yeye aliuliza tena.

Nimejifunza hapo namna ya kuuliza wazee. Ukimwambia mzee akueleze vita vilikuwaje, atakupa hotuba, ile ile aliyoitoa shuleni mwaka jana. Ukimuuliza gogo lilifungwa kwa kamba au kwa mnyororo, atanyamaza kwanza, kisha atakumbuka mkono wa nani ulikuwa upande wa pili. Muulize alivaa viatu gani kutoka Mutukula. Muulize nani alipika, chumvi ilitoka wapi, barua ilichukua muda gani kufika Bunda, na mkewe alimwambia nini siku aliyorudi. Muulize pia huyo mke, maana alikuwa na vita vyake: watoto, shamba la pamba, na redio. Swali dogo humfikisha mtu mahali ambapo swali kubwa humpitisha juu kwa juu.

Vijana wana simu zinazorekodi. Shule zetu, kuanzia Mwisenge aliposoma Mwalimu hadi zile za kata zilizojengwa juzi, zinaweza kumwalika mzee mmoja kwa muhula na kumpa kiti badala ya jukwaa. Watoto wamletee kitu mkononi, kopo, picha, kifaru cha udongo, awaonyeshe kilichokosewa. Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu na watu husafiri mbali kuyaona; mita chache nje ya uzio wake wapo watu ambao vichwa vyao ni makumbusho na hawatozi kiingilio.

Ila muda si mwingi. Jenerali Musuguri, ambaye askari walimwita Jenerali Mutukula, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa amevuka 65. Sisi tuliokuwa watoto ndio tutakaobaki mashahidi, na sisi tulivisikia vita kwa redio tu. Tukiondoka na kifaru kinachong'aa, ndicho watakachorithi.

Wenzangu wa UPE, kazi iliyobaki ni ya kupaka matope, na inatakiwa ifanywe na wanaojua yalikuwa wapi. Kijana akija na kifaru chake akauliza habari ya skrubu moja, usimwambie aende akatafute kazi. Mjibu habari ya hiyo skrubu. Kama huijui, mshike mkono umpeleke kwa anayeijua, na ukae hapo hapo usikilize.